Daktari kuziba jino huku ameacha uozo chini: ni tiba au ni kuficha ugonjwa?

#1 MpigaPichaMeno
Habari zenu wakuu. Wenye ujuzi wa kinywa naomba mnijibu kwa hoja.

Tumezoea kwamba jino lililotoboka linachimbwa mpaka uozo wote uishe, ndipo linazibwa. Siku hizi daktari akikuta gego lenye tundu refu anasafisha kuta tu. Chini kabisa anaacha tabaka la kahawia, laini kiasi, na anaziba juu yake. Ukipiga eksirei unaona kivuli cheusi chini ya dawa ya kuzibia. Mgonjwa akienda kwa daktari wa pili anaambiwa wa kwanza alilipua kazi, jino linafumuliwa na analipa upya.

Msimamo wangu: huwezi kupaka chokaa juu ya boriti yenye mchwa ukasema umeitengeneza. Bakteria wamo mle ndani. Iweje iitwe tiba? Nawasilisha.

#2 Gego_la_Sita
Mkuu, mfano wa mchwa unakwama mahali pamoja. Mchwa anakula boriti yenyewe. Bakteria wa meno chakula chao ni sukari na wanga unavyokula wewe. Wanatoa tindikali, na tindikali ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Ukoga ukishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi), enameli, gamba gumu la nje ya jino, inaanza kupoteza madini. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, haivumilii kiasi hicho, inaanza kuyeyuka mapema zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama sukari bado inawafikia. Idadi yao inafuata baadaye.

Halafu kuna mahali pa kuacha na mahali pasipoachwa hata chembe. Mdomo wa tundu, upana wa milimita 1.5 mpaka 2 kuzunguka pote, unasafishwa hadi pagumu kabisa. Ukipitisha ncha ya kupimia unasikia mkwaruzo. Hapo ndipo dawa ya kuzibia inaposhika na kufunga. Sakafuni, juu ya kiini cha jino (nyama hai ya ndani yenye neva na damu), unafanya kazi kwa kijiko cha mkono au bari la duara, ile ncha ya mashine ya kuchimbia, la mwendo wa polepole, unatoa ile iliyolowa inayotoka kama uji. Ukifika kwenye inayonyanyuka kama ngozi iliyorowekwa, na eksirei inaonyesha tundu limeingia theluthi au robo ya mwisho ya dentini, unasimama. Kwenye tundu la kina hivyo hata sehemu laini kidogo inaachwa.

Rangi usiifuate. Dentini ya kahawia iliyokolea mara nyingi ndiyo iliyokwisha kusimama na kukauka. Ile ya manjano yenye unyevu ndiyo inayotembea.

Anayeng'ang'ania kumaliza yote anatoboa kiini. Kiini kikishatobolewa katikati ya uozo, nafasi ya jino kubaki hai inashuka sana, na kinachofuata ni matibabu ya mzizi au koleo.

#3 Kabari
Naunga mkono #2. Kuna utafiti wa chuo cha tiba cha Georgia, Marekani, matokeo ya miaka 10 yalitolewa 1998. Matundu yalizibwa kwa kompositi, dawa nyeupe ya kuzibia, bila kuchota uozo kabisa, kingo za enameli tu ndizo zilizosafishwa. Pale muhuri uliposhika, uozo haukuendelea. Maelezo yake ni mepesi: wameshinda njaa.

#4 Fizi_Imara
Kabari, njaa ni sehemu tu ya maelezo. Bakteria wengine wanaishi kwa protini zinazopenya kutoka kwenye kiini kupitia vijitundu vya dentini, hawahitaji chai yako yenye sukari. Kinacholiokoa jino ni jino lenyewe. Shambulio likipungua nguvu, seli zilizo ukutani mwa kiini zinajenga dentini mpya kwa ndani na kuziba vijitundu kwa madini. Ndiyo maana kuna madaktari wanaofungua tena baada ya miezi 6 hadi 12: wanakuta sakafu imekauka, imekuwa ngumu na nyeusi, na wanachota kilichobaki bila kukaribia kiini.

#5 Kabari
Ile ya kufungua mara ya pili wengi wameiacha, Fizi. Kila ukifungua unakaribisha hatari ileile uliyoikwepa mara ya kwanza, na kuna wagonjwa wasiorudi kabisa, wanabaki na dawa ya muda mpaka inameguka. Ziba mara moja, ziba vizuri.

#6 Chonge
Mimi nipo upande wa mleta uzi, ingawa si kwa sababu yake ya mchwa.

Kimya si uponyaji. Kiini kinaweza kufa polepole bila maumivu yoyote, na mgonjwa akasema jino limepona. Kwa hiyo anayeacha uozo ana wajibu ambao wengi hawautimizi. Kabla ya kuziba, apime kwa baridi: pamba ndogo iliyopuliziwa gesi ya baridi inawekwa kwenye jino, na inalinganishwa na jino la upande wa pili. Apige eksirei aangalie ncha ya mzizi. Baada ya miezi 6 na mwaka, arudie vyote viwili. Jino lisiloitikia baridi tena, au lenye doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, kwa kawaida limekufa hata kama halijawahi kuuma. Kliniki ngapi zinamwita mgonjwa arudi kwa ajili hiyo?

Na kuna jambo la ujenzi. Ukiacha laini nyingi mno, dawa ya kuzibia inakaa juu ya godoro. Mtu akitafuna mhogo mkavu inabonyea, inapasuka, mate yanaingia, na hoja ya njaa imekwisha hapohapo.

#7 mama_mapacha
Samahanini, mnazungumza kwa kina. Mtu wa kawaida atajuaje jino lake ni la kuziba au limeshafika kwenye mzizi?

#8 Gego_la_Sita
Swali zuri dada, na ndilo daktari anapaswa kulimaliza kabla hajashika sindano.

Jino linaloshtuka kwa maji baridi au kitu kitamu na kutulia ndani ya sekunde chache baada ya kumeza: kiini kimekereka, bado kina uwezo wa kurudi. Hilo linazibwa. Linalobaki likigonga kwa nusu dakika na zaidi baada ya baridi kuondoka, linaloanza lenyewe bila kuguswa, linalokuamsha usiku ukilala, hasa likizidishwa na chai ya moto: hapo uvimbe ndani ya kiini umepita kiwango, na kwa kawaida ni matibabu ya mzizi au kung'oa. Likiuma ukiling'ata au likigongwa kwa kishikio cha kioo cha daktari, mara nyingi ugonjwa umeshatoka kwenye ncha ya mzizi. Likiwa na kipele cha usaha kwenye ufizi na haliumi kabisa, kiini kimekufa.

La kusisitiza kwa herufi kubwa: ANTIBAYOTIKI HAITIBU JINO LINALOUMA KWA SABABU YA KIINI. Kiini kilichokufa hakina damu ya kupeleka dawa. Amoksilini inahitajika pale uvimbe unaposambaa shavuni au chini ya taya, au homa ikiwepo, na hata hapo lazima usaha utolewe. Uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi kunyanyuka, kushindwa kumeza: hiyo ni dharura ya usiku huohuo, nenda hospitali kubwa, usisubiri asubuhi.

#9 MpigaPichaMeno
Asante #2 na #8. Nakubali mchwa haukukaa sawa. Lakini mnajenga kila kitu juu ya "ikizibwa vizuri". Mtaani dawa za kuzibia zinadondoka ndani ya mwaka. Kwa nini?

#10 PatasiNdogo
Nijibu kwa upande wa glasi ayonoma, ile inayotumika kwenye zahanati na mashuleni bila mashine. Njia yenyewe ilianzia Thailand miaka ya 1990: vyombo vya mkono tu. Patasi ndogo ya kupanua mdomo wa tundu, kijiko cha kuchota uozo, pamba, na saruji ya kukoroga kwa mkono.

Inadondoka kwa sababu ya vipimo. Kwa aina nyingi ni kijiko kimoja cha unga, kilichokwanguliwa usawa, kwa tone moja la maji yake. Chupa ilazwe kwanza, ndipo isimamishwe wima mdomo chini, la sivyo tone linatoka na povu na linakuwa dogo. Gawa unga mara mbili. Nusu ya kwanza ikishalowa ingiza ya pili, umalize ndani ya sekunde 20 hadi 30. Mchanganyiko uwe unang'aa. Ukishapoteza mng'ao umechelewa, hautashika jino, utupe. Kwenye joto la Dar unaganda haraka kuliko karatasi ya maelekezo inavyosema, kwa hiyo kioo cha kukorogea kiwe kimepoa.

Msaidizi akiuona mzito anaongeza tone. Hapo ndipo kosa lilipo: maji yakizidi saruji inakuwa dhaifu, inalika kama chaki.

Kabla ya kujaza, tundu linapakwa asidi laini, poliakriliki ya asilimia 10 au maji yaleyale ya saruji yaliyopunguzwa nguvu, sekunde 10 hadi 15, linaoshwa kwa pamba yenye maji mara kadhaa, linakaushwa kwa pamba kavu. Kisha jaza, paka vaselini kidoleni kwenye glavu, bonyeza sekunde 20 hadi 30, ondoa inayomwagika pembeni. Ng'atisha, punguza palipozidi, paka vaselini tena. Asile kwa saa moja.

#11 Kabari
Patasi, hatua umezipanga sawa kabisa ila historia umeipeleka mbali. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken akiwa kwenye programu ya afya ya kinywa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umeme na mashine havikuwa vya kutegemea, ndipo wakajaribu vyombo vya mkono. Thailand walifanya jaribio la vijijini 1991, Zimbabwe wakafuata. Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono 1994.

#12 PatasiNdogo
Nimekubali sahihisho, Kabari. Na nimelipenda zaidi kwa kuwa ni letu.

#13 Mng'arisho
Kwa kompositi, ile nyeupe inayogandishwa kwa taa ya bluu, adui ni mate. Jeli ya asidi ya fosfori asilimia 37: enameli sekunde 30, dentini isizidi 15. Osha, kausha kiasi, dentini ibaki na unyevu wa kung'aa. Ukiipuliza mpaka ikauke kama mfupa, nyuzi za kolajeni zinalala chini na gundi haipenyi. Ukiiacha imelowa chepechepe, gundi inazimuliwa. Sugua gundi sekunde 20, puliza taratibu, mulika. Kompositi iwekwe tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja imulikwe sekunde 20. Mate yakigusa baada ya jeli, hata mara moja, rudi mwanzo.

Bila mpira wa kutenga jino, gego la nyuma la chini ni vita na ulimi. Na taa zenyewe zinachakaa! Taa inayotoa chini ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba inakausha juu tu, chini kunabaki ubichi. Ncha yake ikiwa na mabaki ya kompositi ya mgonjwa aliyepita ni hivyohivyo. Kipimo cha taa hakizidi ukubwa wa kiganja, kila kliniki ingekuwa nacho.

#14 Chonge
Patasi anasema ni vipimo, Mng'arisho anasema mate na taa. Mimi nasema ni umbo la tundu na kung'ata. Tundu la juu ya gego, lenye kuta nne, dawa yoyote inakaa. Tundu la ubavuni, kati ya gego na gego, kwa glasi ayonoma ya mkono halina maisha marefu hata ukoroge kwa mizani ya dhahabu. Na kompositi ya ubavuni bila bandi ya chuma ya kuzungushia jino na kabari ya kuibana (Kabari, nimekutaja bila ubaya) inaacha mwanya, nyama inanasa, ufizi unavimba, uozo unaanza upya chini ya ukingo.

Halafu ganzi ikiwa bado mdomoni mgonjwa anang'ata vibaya karatasi ya rangi ya kupimia ng'ato. Doa la juu linapita bila kuonekana. Wiki moja jino linauma kila akitafuna, anadhani limeoza tena, kumbe ni robo milimita imezidi.

#15 Kabari
Kabari ikitajwa vizuri namna hiyo haina kinyongo.

Ila hapo kwenye ubavuni utawaudhi wa amalgamu. Ile ya zebaki haikuhitaji gundi wala ukavu huu wote, na ilikaa miaka mingi. Inaondoka kwa sababu ya mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, ulioanza kufanya kazi 2017, na kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha nchi wanachama zilikubaliana 2022 isitumike, isipokuwa daktari akiona haina budi. Sawa kwa mazingira. Lakini kilichoingia badala yake kinadai mkono makini zaidi, na muda zaidi kwenye kiti.

#16 Bonde_la_Ufa
Salamu kutoka Nakuru. Mbona hamjaitaja dawa nyeusi? Floridi ya fedha, asilimia 38. Kwa mtoto anayelia na meno sita yameoza, hiyo ndiyo inasimamisha moto. Paka vaselini midomoni, tenga na ukaushe kwa pamba, tumbukiza kiburashi, sugua kwenye tundu, acha dakika moja, futa iliyozidi. Tone moja linatosha meno matano hivi. Rudia baada ya miezi sita. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mzazi aambiwe KABLA: palipooza patakuwa peusi daima. Ikigusa ngozi inaacha doa la siku kadhaa, ikigusa nguo doa halitoki. Na usiipake jino lililofika kwenye kiini au lenye usaha.

#17 Fizi_Imara
Na juu yake unaweza kuziba kwa glasi ayonoma. Kwa magego ya utotoni yaliyooza ubavuni kuna kofia ya chuma pia, njia ya Dkt. Norna Hall wa Scotland: hakuna ganzi, hakuna kuchimba, hakuna kuchota. Vipira vya kutanua nafasi vinakaa kati ya meno siku 3 hadi 5, kisha kofia inajazwa glasi ayonoma na mtoto anaing'ata mwenyewe mpaka ikae. Ng'ato inanyanyuka kidogo, inajirudi ndani ya wiki chache. Mleta uzi, hapo uozo WOTE unaachwa ndani, na jino linakaa mpaka muda wake wa kung'oka.

#18 kijana_wa_pwani
Na wale wanaovuta moshi wa mbegu za mtunguja, vidudu vinaanguka kwenye bakuli la maji? Watu wameviona kwa macho.

#19 Gego_la_Sita
Wanachokiona kipo kweli, ila hakikutoka kwenye jino. Mbegu za jamii hiyo zina kiini kilichojikunja ndani. Joto likizipasua kinachomoka kama uzi mfupi mweupe. Choma mbegu hizo juu ya bakuli bila mgonjwa yeyote kuwepo uone. Huko Ufaransa daktari wa meno Pierre Fauchard aliwatafuta wadudu hao kwa darubini na hakuwapata, akaandika hivyo 1728.

#20 Bonde_la_Ufa
Niongeze la huku kwetu na kwa ndugu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Meno ya kahawia yenye vishimo si lazima yawe yameoza. Ni floridi nyingi ya maji, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, iliyoingia wakati meno yanajengeka, mpaka kama miaka 8. Ukigusa kwa ncha ni magumu, na doa linafanana kushoto na kulia. Magadi ya kupikia maharage yanaongeza floridi. Kuchemsha maji hakuitoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mkaa wa mifupa ndio unaoinasa. Daktari mgeni anachimba jino zima bure. Na jeli ya asidi kwenye enameli hiyo mara nyingi inahitaji muda mrefu zaidi.

#21 mama_mapacha
Asanteni sana. La mwisho: kwa nini gego la chini linalouma sana ganzi inagoma?

#22 Mng'arisho
Palipovimba pana tindikali. Ganzi inaingia kwenye neva ikiwa katika umbo lisilo na chaji, na tindikali inalipunguza umbo hilo.

#23 Fizi_Imara
Maelezo hayo yanakaa kwa sindano ya kando ya jino, Mng'arisho. Sindano ya gego la chini inachomwa nyuma kabisa ya taya, mbali na uvimbe, na bado inagoma. Neva zenyewe zimebadilika: kiini kikivimba zinaongezeka njia za sodiamu, milango inayopitisha ishara ya neva, ambazo lidokaini, ganzi ya kawaida, haizifungi vizuri. Ndiyo maana ibuprofeni saa moja kabla inasaidia baadhi ya watu, kama tumbo na figo haviikatazi.

#24 Chonge
Au sindano haikufika. Au kuna tawi la neva linaloingia taya kwa ndani, upande wa ulimi. Na mara nyingi ni haraka tu: mdomo unakufa ganzi dakika ya 5, daktari anaanza, wakati kiini kinahitaji 10 hadi 15. Mdomo kufa ganzi si ushahidi kwamba kiini kimelala. Pima kwa baridi kwanza. Bado linashtuka? Ongeza kando ya jino, ganzi ya artikaini asilimia 4 upande wa shavu, au ndani ya utepe unaoshika mzizi. Hesabu lakini: lidokaini asilimia 2, kichupa cha mililita 2.2 kina miligramu 44. Kwa tahadhari ya miligramu 4.4 kwa kilo, mtu wa kilo 60 mwisho wake ni vichupa sita.

#25 MpigaPichaMeno
Nirudi kwenye kivuli changu cha eksirei. Daktari wa pili atatofautishaje uozo ulioachwa kwa makusudi na uozo mpya?

#26 Kabari
Kwa picha moja, hawezi. Hata gundi iliyojikusanya sakafuni inaweza kutoa mstari mweusi. Anahitaji picha ya siku jino lilipozibwa, na kadi iandikwe wazi: "gego la 36 (la kwanza la chini kushoto), dentini laini imeachwa juu ya kiini, kingo ngumu, baridi imeitika, tarehe". Mgonjwa apewe nakala. Kivuli kisichokua na ukingo uliofunga, kiachwe.

#27 Chonge
Na kikikua milimita moja kwa mwaka?

#28 Kabari
Muhuri umevuja. Fungua, pima kiini, uanze upya.

#29 Chonge
Au muhuri ni mzima na wale wa protini aliowataja Fizi kwenye #4 wanaendelea kula. Ukifungua utajuaje ni kipi?